Subira Isiyo na Kikomo: Mwenzi wa Mlevi na Uamuzi wa Kubaki au Kuondoka

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu. Methali hii ni miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema sana katika masomo yake, na ambazo huendelea kuzisikia hata baada ya kufunga vitabu. Husemwa harusini. Husemwa na shangazi anayemtuliza bibi arusi, na mchungaji, na shehe, na mama anayemsihi bintiye kwa simu usiku wa manane arudi kwa mumewe. Ni methali nzuri. Hata hivyo, ipo nyumba ambamo methali hii hutumiwa vibaya mno, nayo ni nyumba ya mtu aliyeoana na mlevi.

Makala haya yanadai kwamba ushauri wa kuvumilia, jinsi unavyotolewa kwa mwenzi wa mnywaji wa kupindukia, umetenganishwa na maana ya methali yenyewe. Aidha, yanadai kwamba uamuzi wa kubaki au kuondoka haufai kupimwa kwa wingi wa mapenzi wala kwa urefu wa uvumilivu. Ufaao kupimwa ni usalama wa wanaoishi katika nyumba hiyo na hatua ambazo mnywaji mwenyewe anachukua.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini msomaji aliyekulia katika kijiji au mtaa wowote wa Kenya atawatambua wahusika wake. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume ni karani katika afisi ya kaunti. Wameoana kwa miaka 11 na wamejaliwa watoto watatu. Mume huyu si mtu mwovu. Jumapili alasiri huviosha viatu vya watoto na kuvianika ukutani, kisha huketi nao kuwafundisha hesabu. Siku ambayo hajanywa, kicheko chake husikika hadi kwa jirani. Lakini siku za namna hiyo zimepungua. Mwisho wa mwezi hurudi na nusu ya mshahara, na wakati mwingine harudi hadi alfajiri. Mke hujua hali yake hata kabla ya kumwona, kutokana na namna ufunguo unavyohangaika kutafuta tundu la kufuli. Mtoto wa kwanza, mwenye umri wa miaka 9, huzima televisheni mara tu asikiapo lango na kuwaongoza wadogo wake kitandani. Jumatatu asubuhi, mke hupiga simu afisini kueleza kwamba mumewe ameshikwa na malaria. Katika mwaka mmoja, malaria hiyo imemshika mara 14.

Mke huyu hakosi washauri. Mamake humwambia avumilie, kwani hata babake alikunywa na nyumba haikubomoka. Rafiki yake wa chuoni humwambia aondoke leo kabla ya kesho. Kiongozi wa dini humwambia aombe. Kila mmoja ana jibu tayari, na hakuna aliyemuuliza jambo lolote kuhusu maisha ndani ya nyumba hiyo.

Subira na uvumilivu

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno subira na uvumilivu hutumiwa kana kwamba ni visawe. Mtumiaji makini wa lugha atagundua kuwa yana tofauti. Kitenzi kusubiri kina yambwa yake: mtu husubiri gari, husubiri matokeo ya mtihani, husubiri mvua. Akiulizwa anasubiri nini, lazima awe na jibu. Kitenzi kuvumilia hakidai hivyo. Mtu huvumilia baridi, huvumilia maumivu, huvumilia jirani mwenye kelele, na huenda hali hiyo isibadilike kamwe. Anayesubiri anatazama mbele kwenye jambo lijalo. Anayevumilia aghalabu anatazama lililopo tu na kulibeba.

Ajabu ni kwamba methali ya mvumilivu, licha ya kutumia neno uvumilivu, imejengwa juu ya maana ya subira. Inataja mbivu. Kinachoiva hutarajiwa kuiva, na dalili zake huonekana. Mkulima aliyeukata mkungu wa ndizi na kuufukia ili uive anajua ni siku ngapi zinatosha. Huufukua, huutazama, huubonyeza. Akiona rangi inageuka, hungoja zaidi kwa furaha. Akiona ndizi zinaoza kabla ya kuiva, hazifukii tena kwa madai kwamba mvumilivu hula mbivu. Mkulima wa aina hiyo angechekwa na kijiji kizima. Hata hivyo, mke wa mlevi huambiwa afanye hivyo hasa, na akifanya, husifiwa.

Isitoshe, wahenga hao hao walituachia methali nyingine ambazo washauri wa ndoa husahau kuzitaja. Walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema pia kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Anayechagua methali moja na kuziacha nyingine amekwisha kuamua atakalo, naye anatafuta tu sauti ya wazee ya kulisemea.

Utendi wa Mwana Kupona na mke mvumilivu

Baadhi ya watetezi wa uvumilivu wa mke hurejelea Utendi wa Mwana Kupona. Utendi huu ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima, mama akiwa mgonjwa na akijua kuwa huenda hataishi kumlea. Ni kweli kwamba utendi unamhimiza binti amtii na kumridhisha mumewe, na wahakiki wengi wamejadili suala hilo kwa mtazamo wa kijinsia. Lakini jambo moja halina budi kukumbukwa. Mwana Kupona aliandika ndani ya jamii ya Kiislamu ambayo kwayo pombe ni haramu. Mume anayechukuliwa kuwapo katika mawaidha yake ni mtu mwenye akili timamu, anayejua alichokisema jana na anayeweza kuridhishwa kwa sababu anajua anachokitaka. Mume asiyekumbuka asubuhi alichokitenda usiku hamo katika dhana ya utendi huo. Si haki, basi, kumtwisha Mwana Kupona jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Fasihi ya baadaye ilimleta mlevi ukumbini. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Zakaria ni baba mlevi na mkali, na mkewe Regina ndiye anayebeba mzigo wa nyumba. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, Mwalimu Majisifu ni mlevi, naye mkewe Dora anahangaika na malezi ya watoto wao walemavu. Wanafunzi wengi wa Kenya walikisoma kitabu hicho cha pili kilipokuwa kikitahiniwa katika shule za upili. Je, wahusika hawa hufundishwaje? Mlevi huchambuliwa kwa kina: chanzo cha ulevi wake, unafiki wake, kejeli ya mwandishi dhidi yake. Mkewe anapofikiwa, sifa yake ya kwanza kuorodheshwa ni kwamba yeye ni mvumilivu, na sifa hiyo huzawadiwa alama. Ni nadra darasa kuulizwa alikuwa akisubiri nini, au angeweza kutenda nini. Hivyo basi, pasipo kukusudia, somo la fasihi huungana na sauti ya shangazi wa harusini.

Mlevi au mraibu?

Uamuzi wa mwenzi hutegemea pia jina analolipa tatizo. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya ulevi, na mengi yao ni ya mzaha: kupiga mtindi, kulewa chakari, kuwa chopi. Mzaha huo huufanya ulevi uonekane kuwa ni tabia tu, jambo la mtu kuamua kuacha akitaka. Neno uraibu, ambalo limeenea zaidi katika miongo ya karibuni, linabeba maana nyingine. Kwa mujibu wa uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, utegemezi wa pombe hutambuliwa kwa dalili za aina tatu: mtu kushindwa kuudhibiti unywaji wake, pombe kupewa nafasi kuliko mambo mengine ya maisha, na mwili wenyewe kuizoea pombe kiasi cha kudai kipimo kikubwa zaidi au kuugua inapokosekana. Utafiti wa kitaifa uliotolewa na NACADA mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila 20 nchini Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ana tatizo la uraibu wa pombe. Katika darasa la wanafunzi 40, basi, si ajabu kuwapo kadhaa waliotoka katika nyumba iliyoelezwa hapo juu.

Kuuita uraibu maradhi kuna faida na kuna hatari. Faida ni kwamba mwenzi huacha kujilaumu. Haikuwa chumvi kuzidi mchuzini, wala kinywa chake kuwa kikali, wala kutozaa mtoto wa kiume. Hatari ni kwamba neno maradhi linaweza kugeuzwa kuwa kamba mpya ya kumfunga, kwani nani humwacha mgonjwa? Jibu ni kwamba mgonjwa naye ana wajibu. Mgonjwa wa kisukari hakujitakia kisukari, lakini dawa ni yeye wa kumeza. Maradhi yanaeleza kwa nini mtu amefika alipofika. Hayamwondolei jukumu la kutafuta tiba, wala hayampi mwenzake kazi ya kuugua kwa niaba yake.

Ni muhimu kutaja hapa mambo mawili ya kitabibu ambayo familia nyingi hazijaelezwa. Kwanza, mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hafai kushurutishwa kuacha ghafla akiwa nyumbani peke yake. Katika siku chache za mwanzo anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, au kupotewa na fahamu na kuona yasiyokuwapo, na hali hiyo inaweza kumuua. Anahitaji kusimamiwa na daktari. Pili, dawa za kuachisha pombe hazifai kutiwa kwa siri katika chakula au chai. Disulfiram, mathalani, humfanya anywaye pombe augue vibaya, na mtu asiyejua kwamba ameimeza anaweza kupatwa na madhara makubwa. Mke anayefanya hivyo kwa mapenzi anaweza kujikuta mjane kwa mapenzi hayo hayo.

Mwenzi anaweza kufanya nini?

Mwaka 1951, huko Marekani, wake wa walevi waliokuwa wamepata nafuu walianzisha chama kiitwacho Al-Anon, kwa ajili ya jamaa za walevi. Mafunzo yake makuu ni kwamba jamaa hakuusababisha ulevi, hawezi kuudhibiti, na hawezi kuuponya. Mafunzo haya yamewaokoa wengi kutokana na kujilaumu. Lakini je, yana maana kwamba mwenzi hana la kufanya ila kukaa au kuondoka?

La hasha. Utafiti wa William Miller na Robert Meyers pamoja na mwenzao, uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliwafuatilia jamaa 130 wa walevi waliokataa tiba. Waliofunzwa namna mahususi ya kuishi na mlevi walifaulu kumfikisha kwenye tiba kwa asilimia 64. Waliofunzwa kumkabili mlevi kwa kikao kimoja cha jamaa wote walifaulu kwa asilimia 30, na waliofuata mafunzo ya Al-Anon, ambayo lengo lake hasa si kumpeleka mlevi tibani, walifaulu kwa asilimia 13. Mbinu iliyofaulu zaidi haikuwa ya kimiujiza. Mwenzi hufunzwa kutobishana na mtu akiwa amelewa na kuzungumza naye akiwa mtulivu. Hufunzwa kuzithamini saa ambazo hajanywa kwa kuwa naye karibu, na kujiondoa kwa upole anapokunywa. Hufunzwa kutomkinga na matokeo ya unywaji wake. Hufunzwa pia kujitunza mwenyewe na kuwa na mpango wa kutoka hatari inapozuka.

Kwa lugha ya mfano wa awali, simu ya Jumatatu iachwe. Si kwa ajili ya kumkomoa mume, bali kwa sababu kila simu ya malaria humwambia kwamba jana haikuwa na gharama. Mke aliyedhani anailinda kazi ya mumewe amekuwa akiulinda ulevi wake. Hilo ni gumu kukubali, hasa kwa mtu aliyefunzwa kwamba mke mwema ni kufuli ya siri za nyumba. Ndipo methali ya mficha maradhi inapopata uzito wake wote.

Vipimo vya uamuzi

Baada ya hayo, swali la kubaki au kuondoka linaweza kuulizwa vizuri. Makala haya yanapendekeza vipimo vitatu, na mpangilio wake una maana.

Kipimo cha kwanza ni usalama. Palipo na kipigo, tishio la silaha au kulazimishwa kimwili, suala la subira halipo tena. Mtu hutoka kwanza, kisha hufikiri akiwa mahali salama. Pombe si udhuru wa kipigo. Wapo wanaolewa kila siku na hawajamgusa mtu, na wapo walioacha pombe na wakaendelea kupiga. Sheria ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa kinyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu aliyedhulumiwa kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na inatambua kwamba ukatili unaweza kuwa wa kihisia na wa kiuchumi pia. Inawahusu hata wachumba. Nambari ya simu 1195, isiyotozwa malipo, hutoa msaada kwa waathiriwa.

Kipimo cha pili ni hatua. Mlevi huahidi, na mara nyingi huahidi kwa unyofu wa moyo. Ahadi ya asubuhi yenye machozi si uongo, ila si hatua. Hatua ina mahali na ina tarehe. Kupiga simu nambari 1192 ya NACADA ni hatua. Kwenda kliniki ya hospitali na kurudi siku aliyoagizwa ni hatua. Kumkabidhi mke kadi ya benki kwa hiari ni hatua, na kadhalika kubadilisha njia ya kurudi nyumbani ili asipite mbele ya baa. Msomaji na azingatie kwamba kuteleza si ushahidi wa kushindwa, kwa kuwa wengi wanaopona huteleza zaidi ya mara moja. La kutazamwa ni siku ifuatayo. Aliyeteleza akarudi mwenyewe kliniki bado anatembea, na aliyeteleza akamlaumu mkewe ameketi.

Kipimo cha tatu ni kile wanachojifunza watoto, na kile anachokuwa mwenzi mwenyewe. Mtoto anayezima televisheni asikiapo lango amejifunza kwamba nyumbani ni mahali pa kujificha. Mke aliyesema uongo mara 14 kwa mwaka ameanza kuwa mtu ambaye yeye mwenyewe hamjui. Haya nayo ni madhara ya pombe, ingawa hayapimwi katika damu ya mnywaji.

Vipimo hivi haviepuki hitaji la kikomo. Mwenzi anayeamua kubaki aweke tarehe na aiseme waziwazi, mume akiwa mzima, tena mbele ya mtu wanayemheshimu wote wawili. Ikifika tarehe hiyo pasiwepo hatua, kuondoka si kuvunja subira. Ni kuikamilisha.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inabomoa ndoa. Ikumbukwe kwamba kuondoka si lazima kuwe talaka. Kanuni za Kanisa Katoliki, ambalo halikubali talaka, zinamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anapomhatarisha vibaya yeye au watoto, kimwili au kiroho. Sheria ya Kiislamu inamruhusu mke kutafuta kuachana kupitia kadhi, na mahakama za kadhi zinatambuliwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo inataja ukatili na kuvunjika kwa ndoa kusikorekebika miongoni mwa sababu za talaka. Hakuna hata moja kati ya mifumo hii inayomtaka mtu aangamie ili ndoa isimame.

Wengine watauliza: ataenda wapi, na atakula nini? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na anayelipuuza hajui maisha ya wanawake wengi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua mchango usio wa fedha, kama vile kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kilimo. Hata hivyo, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2023 ulifafanua kwamba ndoa pekee haimpi mtu nusu ya mali, na kwamba kila mmoja hupewa kulingana na mchango aliothibitisha. Kwa hiyo, mke mwenye busara atahifadhi stakabadhi: risiti za karo, za mabati, za mbegu. Atajiwekea akiba hata iwe ndogo. Atamwambia ukweli ndugu mmoja angalau. Maandalizi haya si usaliti. Aliye na pa kwenda ndiye anayeweza kusema kwamba amebaki kwa hiari.

Watatu watasema kwamba lawama ni ya serikali na watengenezaji wa pombe. Hilo lina ukweli mwingi. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda ya Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa kemikali ya methanoli. Sheria ya mwaka 2010, iliyojulikana kama Sheria ya Mututho, ilihalalisha chang'aa chini ya masharti na kuweka saa za kufungua baa. Bado, Februari 2024, watu zaidi ya 10 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga kutokana na pombe yenye sumu. Mke anayesikiliza ufunguo usiku, basi, anasikiliza pia kama mumewe angali hai na anaona. Ni haki kuidai serikali iwajibike. Lakini sheria inayofunga baa saa tano usiku haisemi lolote kuhusu saa sita, mlevi anapofika nyumbani, na mwenzi wake hawezi kuahirisha uamuzi wake hadi nchi irekebishwe.

Mwisho, isidhaniwe kwamba suala hili ni la wake pekee. Wapo waume ambao wake zao ni waraibu, na siri yao huwa nzito zaidi, kwani jamii humcheka mume wa mlevi badala ya kumhurumia. Vipimo ni vile vile. Wapo pia wachumba katika mabewa ya vyuo vikuu, wanaosema kwamba mwenzao ataacha pombe akishaoa au akishaolewa. Harusi haijawahi kuwa tiba ya uraibu. Yeyote ambaye hajafunga ndoa ana bahati ya kuvitumia vipimo hivi wakati ambapo gharama ya kuondoka ni ndogo.

Hitimisho

Katika mfano wa mwalimu na karani, mke aliacha kupiga simu ya Jumatatu. Alimwambia mumewe mapema, Jumapili alasiri, viatu vya watoto vikiwa bado vinakauka ukutani, na kakake mkubwa mume akiwapo. Alitaja tarehe: mwisho wa muhula wa pili. Jumatatu ya kwanza mkubwa wa afisi alipiga simu mwenyewe, na mume akalazimika kumjibu. Wiki mbili baadaye alikwenda hospitali ya kaunti. Alikaa wiki tano bila kunywa, kisha akateleza. Jumanne iliyofuata alirudi kliniki peke yake, pasipo kusukumwa.

Kwa vipimo vya makala haya, mke huyo ana sababu ya kubaki hadi tarehe aliyoiweka, huku akiba yake na stakabadhi zake zikiwa mahali salama kwa dadake. Iwapo mume asingeenda kokote, angekuwa na sababu iyo hiyo ya kuondoka. Katika hali zote mbili angekuwa mtu mwenye subira, kwa kuwa angejua alichokuwa akikisubiri.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Methali ziko mikononi mwao, na wao ndio wanaowafundisha wengine kuzitumia. Pindi mhusika mwingine wa riwaya atakapoorodheshwa kuwa mvumilivu, mwalimu na aulize darasa swali moja zaidi: alikuwa akisubiri nini, na je, kilikuwa kinaiva? Huenda darasani humo ameketi mtoto anayejua mlio wa ufunguo unaotafuta tundu la kufuli, ambaye hajawahi kusikia swali hilo likiulizwa na mtu mzima.